MWENDA JEAN BOSCO: MTU MMOJA NA GITAA LAKE

Na Mwanafunzi wa Zamani



Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma maisha ya watu mashuhuri: viongozi wa nchi, wamisionari waliofungua shule katika wilaya hii, walimu wakuu waliotangulia mbele ya haki, na wenzetu waliopanda vyeo. Mimi ni mtumishi wa Serikali na kazi yangu ya kila siku ni mafaili, kwa hiyo ingetazamiwa niandike juu ya mmoja wa hao. Lakini katika toleo hili nimeona niwaletee maisha ya mpiga gitaa. Sifa yake haikutokana na bendi kubwa yenye tarumbeta na safu ya waimbaji. Alikaa peke yake na gitaa lake kavu, lile ambalo wazee wetu waliliita galatoni, akalipiga hata watu wa mabara mengine wakamsikiliza. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930, akafariki mwaka 1990.

Huenda kijana wa Kidato cha Pili akauliza, mtu huyu wa Kongo anatuhusu nini sisi watu wa Tukuyu? Anatuhusu kwa mambo matatu. Kwanza, nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili. Pili, ukoo wa watu wake ulitoka katika nchi yetu. Tatu, mtindo wa gitaa aliousimamia ulifika Rungwe ukiwa umebebwa begani na wazee wetu wenyewe, waliporudi kutoka migodini. Nitayaeleza yote kwa zamu.

ASILI YAKE

Mwenda alizaliwa Bunkeya, katika jimbo la Katanga, kusini mwa Kongo, wakati nchi hiyo ilipokuwa koloni la Ubelgiji. Bunkeya si kijiji cha kupita tu. Waliosoma historia watakumbuka habari za Msiri, mfanyabiashara aliyetoka magharibi ya Tanzania ya leo, katika nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi. Katikati ya karne ya 19 alikwenda Katanga na watu wake kutafuta shaba na pembe za ndovu, na mwisho akawa mtawala wa dola kubwa ambayo makao yake makuu yalikuwa Bunkeya. Dola hiyo ilisimama juu ya biashara ya shaba, pembe na bunduki, na pia, lazima tuseme, juu ya biashara ya watumwa. Msiri aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuichukua Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Watu waliotokana na msafara ule wa kutoka kwetu ndio Wayeke, au Bayeke kama wenyewe wasemavyo. Na Mwenda ni jina alilokuwa nalo Msiri mwenyewe. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 alibeba jina ambalo mizizi yake iko upande huu wa Ziwa Tanganyika. Lile la Jean Bosco lilikuwa jina la Kikristo, la Mtakatifu Yohane Bosco wa Italia, padre aliyewatumikia vijana.

Karibu na Bunkeya ulikuwako mji wa migodi ulioitwa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwakusanya katika miji ya Katanga vibarua wa makabila mengi, wasioelewana kwa lugha za kwao. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Hakikuwa Kiswahili cha Unguja wala cha Tanga. Kilikuwa Kiswahili cha kambi za wafanyakazi, chenye matamshi yake na maneno yake, na mtu wa pwani akikisikia kwanza hutabasamu. Lakini kilikuwa na uhai. Katika kambi hizo kulikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, vilabu vya pombe, gramafoni, na magitaa yaliyoletwa na wafanyabiashara na mabaharia. Humo ndimo Mwenda alimokulia.

MWAKA 1952

Mwaka 1952 alifika Jadotville Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey. Huyu alizaliwa Devon mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kusaidia shamba la ndugu yake, na huko akazipenda nyimbo za wafanyakazi wa shambani kiasi cha kuyatoa maisha yake yote kuzikusanya. Alisafiri kwa gari nchi baada ya nchi akiwa na mitambo ya kunasia sauti. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika karibu na Johannesburg, ambayo baadaye ilihamishiwa Grahamstown na ingali ipo hata leo.

Katika mitaa ya Jadotville, Tracey alimkuta kijana wa miaka 22 akipiga gitaa. Akasimamisha mitambo yake, akamrekodi. Miongoni mwa vipande vya safari ile kilikuwamo kiitwacho Masanga, na kingine kiitwacho Bombalaka. Masanga kilipewa tuzo ya Osborn, iliyokuwa ikitolewa kwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka. Kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini ikazitoa nyimbo za Mwenda katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zenye chapa ya Gallotone. Kampuni hiyohiyo iliuza pia magitaa ya bei nafuu yenye jina hilo, ndiyo maana wazee wetu wakaliita gitaa lolote kavu galatoni. Vijana wanaopenda Beatles wafahamu kwamba John Lennon naye, alipoanza muziki Liverpool miaka ya 1950, alianza na gitaa la Gallotone lililotoka Afrika ya Kusini.

Nawaomba wasomaji tutue hapa kidogo. Mwenda hakuitwa studio wala hakufanyiwa majaribio, na hakuna aliyemwambia arudie pale alipokosea. Mtu alikuwa akipiga gitaa, mwingine akapita na kinasa sauti. Kama gari la Tracey lingeharibikia njiani, au kama Mwenda siku ile angekwenda kusalimia ndugu zake Bunkeya, pengine leo tusingekuwa na jina la kuandika. Ufundi wake ungekuwa uleule, vidole vilevile, lakini ungeishia katika masikio ya majirani zake na kufa pamoja nao. Wangapi walikuwa mahodari kama yeye katika miji ile, wala hakuna gari lililopita?

VIDOLE VIWILI

Sasa niseme juu ya upigaji wenyewe, kwa kuwa sifa ya mtu isiyoelezwa sababu yake haina faida kwa mwanafunzi.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba lilishika nyuzi nene, likitembea chini kama besi. Kidole cha shahada kilishika nyuzi nyembamba, kikileta sauti ya juu, kile ambacho katika bendi tungekiita solo. Kazi ya watu wawili au watatu ilifanywa na mkono mmoja. Anayesikia kwa mara ya kwanza huapa kuwa kuna magitaa mawili.

Ugumu wake hauko katika kasi peke yake. Uko katika kuvifanya vidole hivyo viwili visitiiane. Mfano wake ni mama anayetwanga huku akiimba: mchi haubadili mwendo wake, lakini wimbo unakwenda utakako, mara unauwahi mchi, mara unauchelewa, na wala havigongani. Kijana anayejifunza gitaa bwenini ajaribu mwenyewe. Dakika ya kwanza dole gumba litakifuata kidole kingine kama mbuzi anavyomfuata mwenye majani. Kulifundisha dole gumba likae kwenye njia yake ni kazi ya miezi mingi.

Wataalamu waliona kuna jambo la kuchunguza. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha katika jarida la muziki wa Kiafrika uchambuzi wa upigaji wa Mwenda, akaziandika sauti zake kwa nota, moja baada ya moja. Hebu tufikirie: mtu aliyejifunzia mitaani akawa somo la wasomi, kama Shakespeare anavyokuwa somo letu katika Kidato cha Tano.

NAIROBI

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda. Alikuwa na kipindi chake redioni, na gitaa lake lilitumika kutangaza vidonge vya Aspro vya kutuliza maumivu ya kichwa. Msicheke. Tangazo la redio liliingia katika nyumba ambazo santuri haikuingia, kwa kuwa santuri ilihitaji gramafoni na fedha. Vijana wa Kenya waliosikiliza wakaketi na magitaa yao kutafuta dole gumba lile limepita wapi. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alipiga Kenya katika miaka hiyo.

Kipindi hicho ndicho kilichostawisha wapigaji wa magitaa makavu wa Kenya. Huko magharibi kwao alisifika George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963 angali kijana, ambaye mtindo wake wa omutibo huchanganya vidole vya gitaa na mdundo wa chupa ya soda. Sisemi kwamba Wakenya hawakuwa na chao. Walikuwa nacho, nao wakakitia humo. Ndivyo fundi mzuri anavyofundisha: mwanafunzi haigi sauti ya mwalimu, hujifunza njia kisha akapita na mzigo wake mwenyewe.

KARANI NA MPIGA GITAA

Jambo ninalolipenda zaidi katika maisha ya Mwenda, mimi mtu wa ofisi, ni kwamba hakuacha kazi. Kwa nyakati mbalimbali aliajiriwa katika mabenki, na pia katika Gécamines, shirika la migodi lililoirithi Union Minière. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville zamani za Wabelgiji. Aliwahi kumiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia, na alikuwa na bendi yake mjini Lubumbashi iliyoitwa Super Shaba. Tena mara nyingine alipiga pamoja na Masengo na rafiki yao Losta Abelo, wakawa watatu.

Miaka hiyo haikuwa ya raha. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Katanga ikajitangaza kuwa nchi ya peke yake. Vita na misukosuko viliendelea mpaka Januari 1963, jimbo liliporudishwa. Kisha ukaja utawala wa Mobutu. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba, jina ambalo kwetu halihitaji tafsiri, na halafu majina ya Kikristo yakapigwa marufuku. Mtu aliyeitwa Jean Bosco alibaki na majina ya wazee wake, Mwenda wa Bayeke. Serikali zilibadilika, mji ulibadilika jina, jimbo likabadilika jina, yeye naye akabadilika jina. Kisichobadilika ni vidole viwili.

Kuna vijana wanaodhani kwamba mtu lazima achague: ama masomo na kazi, ama muziki. Na kuna wazazi wanaolivunja gitaa la mtoto kwa kuhofia kwamba litamharibia mtihani. Mwenda awe jibu kwa pande zote mbili. Hesabu za benki hazikumharibia gitaa, wala gitaa halikumharibia hesabu.

NEWPORT

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani kupiga katika tamasha la Newport, huko Rhode Island. Tamasha hilo lilikuwa la muziki wa asili, na wapenzi wake walilinda gitaa kavu kama waumini wanavyolinda msikiti au kanisa lao. Mwaka 1965 Bob Dylan alipopanda jukwaa hilo na gitaa la umeme, baadhi ya watu walimzomea. Miaka minne baadaye, huyo hapo mtu wa Bunkeya na gitaa lake.

Katika jukwaa hilohilo, mwaka 1963, alikuwa amesimama mzee mmoja Mmarekani mweusi, Mississippi John Hurt, na kisa chake kinafaa kuwekwa kando ya cha Mwenda. Hurt alirekodi nyimbo zake za blues mwaka 1928, santuri hazikuuzwa vya kutosha, naye akarudi kwenye kazi za shamba. Miaka 35 ilipita. Mpenzi mmoja wa santuri za zamani akasikia jina la kijiji katika wimbo wake mmoja, akakitafuta kwenye ramani, akaenda, akamkuta mzee yu hai na vidole vyake vizima. Hurt naye aliliacha dole gumba litembee kwenye besi na vidole vingine viimbe juu. Alifariki mwaka 1966, baada ya miaka mitatu tu ya kusikilizwa. Kilichomrudisha ni santuri ile ya 1928. Isingekuwapo, asingetafutwa.

Wenzangu tuliosoma miaka ya 1990 watakumbuka pia kaseti ya Eric Clapton, mpiga gitaa la roki wa Uingereza, aliyoirekodi Januari 1992 mbele ya watazamaji wachache akiwa na gitaa kavu na nyimbo kongwe za blues. Ilipata tuzo za Grammy mwaka 1993. Ilipofika kwetu tulizungushiana bwenini mpaka utepe ukachoka. Watu walistaajabu kwamba mtu aliyezoea umeme na makelele ameketi kitini na kuzima mitambo, na bado muziki umejaa chumba kizima. Mimi nami naisifu kaseti ile. Lakini tukumbuke kwamba miaka 40 kabla yake, huko Jadotville, kijana mmoja alifanya hivyo bila kuzima chochote, maana hakuwa na chochote cha kuzima.

SANTURI ZAKE NA SISI WASIKILIZAJI

Mwaka 1988 Mwenda alisafiri hadi Cape Town na kurekodi studio albamu iliyotolewa Marekani mwaka 1994, akiwa amekwisha fariki. Kabla ya hapo Mwingereza aitwaye John Low alikwishafunga safari mpaka Lubumbashi kujifunza kwake na kwa wenzake, na mwaka 1982 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Nyimbo zilizorekodiwa na Tracey katika miaka ya 1950 nazo zimetolewa upya, zimesafishwa, na mtu anaweza kuzipata leo bila gramafoni.

Nilipokuwa Chuo Kikuu Dar es Salaam tulikuwa kikundi kidogo cha wapenzi wa gitaa, tukikutana Jumamosi jioni katika chumba cha mwenzetu mwenye redio nzuri. Mabishano yetu yalikuwa juu ya Mwenda yupi bora, wa 1952 au wa 1988. Waliompenda wa 1988 walisema kwamba hapo gitaa linasikika safi, kila uzi uko mahali pake, na kuna utulivu wa mtu aliyekwisha jua dunia. Mimi nilikuwa upande wa 1952, na bado nipo. Katika ile ya zamani kuna mchakacho wa utepe na sauti imebanwa, lakini kuna kijana asiyejua kwamba anarekodiwa kwa ajili ya dunia. Anapiga kwa sababu anapenda. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hapakuwa na mshindi. Lakini naona sasa kwamba mabishano yale yaliwezekana kwa sababu moja tu: sauti zote mbili zilikuwapo mezani.

Mwenda alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60. Barabara imetuchukulia wapiga magitaa wengi. Mbaraka Mwinshehe wetu naye alifia katika ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, hajatimiza hata miaka 35.

WA KWETU WALIKUWA WAPI?

Sasa nirudi Rungwe. Wazee wa wilaya hii, tangu zamani za Waingereza, walikwenda kwa maelfu kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Zambia, iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, na wengine mpaka Johannesburg. Migodi ile na ile ya Katanga ni majirani, mpaka tu umepita katikati, na santuri za Gallotone hazikuhitaji pasipoti. Walirudi na mablanketi, baiskeli, cherehani, na baadhi yao galatoni. Kabla ya hapo kwetu kulikuwa na ipango, kinanda cha nyuzi cha Wanyakyusa, ambacho mpigaji wake naye hukaa peke yake akajiimbia. Kwa hiyo gitaa halikufika kama mgeni asiyejua mlango.

Katika kijiji chetu, upande wa Kiwira, alikuwako mzee mmoja aliyefanya kazi migodini ujana wake wote. Jioni, ukungu ukishashuka kutoka mlimani na migomba imelowa, alikaa kwenye kibaraza chake akapiga. Alitumia dole gumba na kidole cha shahada. Sisi watoto tulidhani ndivyo gitaa linavyopigwa popote duniani. Aliimba kwa Kinyakyusa juu ya treni ya kwenda migodini, juu ya mke aliyebaki nyumbani na barua zisizofika, na kila wimbo ulikuwa wake mwenyewe. Alifariki nikiwa bado sekondari. Kijiji kizima hakikuwa na kinasa sauti chenye betri zima. Miaka michache baadaye, siku nilipomsikia Mwenda kwa mara ya kwanza kule Chuo Kikuu, niliutambua mkono ule mara moja. Mkono wa mzee wetu ulitoka katika shule ileile. Lakini wa Mwenda naweza kumsikiliza leo nikitaka. Wa mzee wetu, nyimbo zake hata wajukuu zake hawazijui. Nimewauliza. Mmoja anakumbuka kiitikio, basi.

Sidai kwamba mzee yule alikuwa hodari kama Mwenda. Huenda hakuwa. Ninachosema ni kwamba hatuwezi tena kulijua hilo, na hiyo ndiyo hasara yenyewe.

NENO KWA WENZANGU NA KWA VIJANA

Vijana, ninyi mnao uwezo ambao Hugh Tracey aliubeba kwa gari zima. Simu ya mzazi wako inanasa sauti vizuri kuliko mitambo yake ya 1952. Mkienda likizo, mtafuteni mzee anayepiga ipango au galatoni, bibi anayejua nyimbo za mavuno au za kubembeleza mtoto. Mwombeni ruhusa kwa heshima, msije mkamtegea simu kwa siri. Mwacheni apige wimbo mpaka mwisho bila kumkatiza, na kama atapenda, aurudie. Kisha andikeni katika daftari: jina lake, kijiji chake, siku ile, lugha ya wimbo, alijifunza kwa nani na maneno yana maana gani. Sauti isiyo na maandishi ni kama faili lisilo na namba: lipo, lakini hakuna atakayeliona tena.

Wanafunzi wenzangu wa zamani, tuna wajibu wa kuyapokea hayo yakija. Napendekeza kwamba katika mkutano wetu ujao tukubaliane kuiwekea maktaba ya shule kompyuta moja na kabati moja kwa kazi hiyo, na mwalimu mmoja wa kuisimamia. Si gharama kubwa tukichanga, tena ni ndogo kuliko ya karamu yetu ya jioni. Mimi nitaleta galatoni moja kwa ajili ya wanafunzi, pamoja na nyimbo za Mwenda, za 1952 na za 1988, ili vijana nao wabishane kama sisi tulivyobishana.

Nawatakia vijana mtihani mwema, na wenzangu safari njema ya kuja Tukuyu. Njooni na makoti, maana mvua yetu mnaijua.